Spana ya racheti ya fundi AC na friji: inateleza, imekwama, au valvu ndo mbovu? Tupite tatizo moja moja

Wadau wa AC na friji, naongelea ile spana fupi bapa yenye matundu ya pembe nne kwenye vichwa vyake, ile tunayozungushia shina la valvu ya kompresa na wengine wanaitumia mpaka kwenye mitungi. Malalamiko yake ni yale yale kila siku, inateleza, haing'ati, imekwama, nikishafungua gesi inavuja, na mara nyingi mtu anakimbilia kununua nyingine wakati spana haina kosa lolote, au anailaumu valvu wakati spana ndo imeisha. Kitu kimoja kishike kabla hatujaanza: mpini wake umefanywa mfupi makusudi. Shina la valvu ya gesi halidai nguvu kubwa, kwaiyo ukijikuta unatafuta kipande cha bomba uongezee mpini basi simama hapo hapo, kuna kitu hujakiangalia.

Nusu ya matatizo yanaanzia kwenye vipimo. Matundu ya kawaida ni manne, 3/16, 1/4, 5/16 na 3/8 ya inchi, kwa milimita ni kama 4.8, 6.4, 7.9 na 9.5 hivi. Kuna spana zenye racheti (gia inayong'ata upande mmoja na kuteleza upande mwingine) vichwa vyote viwili, kuna zenye racheti kichwa kimoja na kingine ni tundu kavu lisilozunguka, na hilo tundu kavu usilidharau, lina kazi yake nitaisema. Nyingine zinakuja na kipande cha pembe sita unachochomeka kwenye tundu ili ufungue valvu za AC za spliti (zile zenye kipande cha ndani na cha nje) ambazo shina lake liko ndani na linataka alenki, yani ufunguo wa pembe sita.

INATELEZA KWENYE SHINA

Hii ndo namba moja. Kabla ya kusema spana imelika angalia shina lenyewe. Kwenye mashine za zamani, hasa zile kompresa za vyumba vya baridi vya samaki na nyama, shina limepakwa rangi na mafundi waliopita, juu ya rangi kuna kutu, juu ya kutu kuna vumbi lililogandana na oili. Ukichomeka spana inakaa nusu tu, inashika ncha za kona, ukizungusha inaruka na kila ikiruka inakula kona kidogo. Chukua brashi ya waya, safisha mpaka uone chuma, alafu sukuma spana mpaka izame yote kwenye shina. Ikizama yote na bado inacheza, hapo sasa angalia saizi.

Saizi inadanganya sana kwa sababu 5/16 ukiiweka kwenye shina la 1/4 inaingia bila shida na kwa macho unaona imekaa. Tofauti ni kama milimita moja na nusu, na hiyo inatosha kabisa kuua kona. Kanuni yangu ni kujaribu tundu dogo kwanza, likikataa kuingia ndo unapanda. Ukianza na kubwa litaingia tu na hutajua.

Sasa kama saizi ni sahihi, shina ni safi na bado inateleza, chungulia tundu la spana kwenye mwanga. Kona za ndani zinatakiwa ziwe kali. Ukiona zimekuwa za mviringo au kuna mpasuko mdogo kwenye kona, hiyo spana imemaliza kazi, usijaribu kuichomelea. Zile za bei chee chuma chake ni laini, kona zinafunguka ndani ya miezi michache na mbaya zaidi ni kwamba inapokufa inakufa na shina la mteja.

Na kama shina ndo limelika? Lile la pembe nne la kompresa lina nafuu, unaweza kulipiga tupa taratibu likashuka saizi moja, kutoka 3/8 kwenda 5/16 kwa mfano, ila funika pale pembeni na kitambaa unga wa chuma usiingie kwenye gland (pale shina linapotokea kwenye mwili wa valvu), na piga pande zote nne sawa. Hiyo ni dawa ya kukutoa siku hiyo. Dawa ya kweli ni kubadilisha valvu, na hapo lazima gesi itolewe kwanza uivute kwenye mtungi.

KIPANDE CHA PEMBE SITA KINAZUNGUKA BURE KWENYE SPLITI

Hapa ndo watu wanaumia sana na sio kosa la racheti hata kidogo. Kile kipande cha pembe sita kinachokuja na spana nyingi ni cha inchi, 3/16 upande mmoja na 5/16 upande mwingine. Spliti nyingi tunazofunga huku ni za Asia na valvu zake ni za milimita, yani valvu ya bomba la 1/4 mara nyingi inataka alenki ya 4, na ile ya bomba nene inataka 5. Haya 3/16 ni 4.76, haiingii kwenye 4, na kwenye 5 inaingia ikicheza. Shina lenyewe ni shaba nyeupe laini, ukizungusha mara mbili tatu ukiwa na hicho kipande umeshalifanya duara. Ile 5/16 haina tatizo kubwa manake ni 7.94, kwenye tundu la 8 inakaa vizuri.

Kwaiyo kwa spliti nenda na alenki za milimita zenye kona kali, au tafuta vipande vya pembe sita vya 4 na 5 vinavyoingia kwenye racheti yako. Kama kona zimeshalika kidogo kuna ujanja wa toksi (biti yenye ncha ya umbo la nyota), T25 kwenye tundu la 4 na T30 kwenye tundu la 5, unaigonga kidogo sana ishike alafu unazungusha pole pole bila racheti ili mkono usikie. Sio kugonga kama unapigilia msumari, ile valvu ina presha nyuma yake na mwili wake ni shaba.

Na onyo moja la valvu hizi: ukifungua kinyume cha saa, shina likigusa mwisho ACHA. Kwenye valvu nyingi kinachozuia shina lisitoke ni kiringi chembamba au ukingo uliokunjwa tu pale juu. Ukilazimisha na racheti, na racheti inakuficha usisikie vizuri, kile kiringi kinaachia na shina linatoka na presha yote ya gesi. Kwa joto la nyuzi 30 mashine ikiwa imezimwa presha ya gesi ya kupozea aina ya R410A inakaa karibu psi 260, R22 ni karibu 160 na R134a karibu 97. Gesi inayotoka ikiwa bado ya kimiminika inachemka chini sana ya sifuri, R22 kama nyuzi 41 chini ya sifuri na R410A kama 51 chini ya sifuri, ikikupata kwenye vidole ngozi inaganda. Glavu na miwani sio mapambo.

RACHETI INABOFYA LAKINI SHINA HALIENDI

Kwanza angalia kitu cha kijinga, mwelekeo. Nyingi za hizi spana hazina kile kiswichi cha kubadili upande, ukitaka kuzungusha upande mwingine unaitoa unaigeuza chini juu. Mtu aliyezoea racheti ya soketi anatafuta kiswichi hakioni anasema mbovu.

Kama mwelekeo ni sawa na bado inabofya tu pande zote, basi ndani kile kidole kinachong'ata meno ya gia hakirudi. Sababu ni springi imechoka au imekatika, au uchafu umekijaza. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu au iloweke kwenye mafuta ya taa kwa masaa kadhaa, ipige piga kwenye ubao, zungusha gia kwa kidole mpaka usikie mlio mkali wa kila jino. Ikirudi safi ipe tone moja la oili nyepesi. Grisi nzito hapana, watu wanajaza grisi wakidhani wanailinda kumbe grisi inashika vumbi na masizi ya kuchomelea alafu inakuwa gundi, kidole kinakwama ndani, unarudi pale pale.

Ikibofya vizuri mkononi lakini inaruka ukiweka nguvu, hapo meno yamelika. Hakuna matengenezo, hiyo ibaki na lile tundu kavu tu.

Kitu kingine kwenye hii ya mafuta, kama unatumia spana hiyo hiyo kufungulia mtungi wa oksijeni au wa asetilini wa kuchomelea, ifute kavu kabisa kwanza. Oili na oksijeni yenye presha vinawaka vyenyewe bila kiberiti. Mimi ningesema kuwa na mbili, moja ya gesi za kupozea na moja ya mitungi, hazina bei kubwa kiasi hicho. Na ile mitungi ya asetilini inayofunguliwa kwa spana, fungua kidogo, mzunguko mmoja unatosha, na spana IACHE pale pale juu ya shina muda wote unachomelea ili moto ukizingua unafunga kwa sekunde.

IMEKAA VIZURI, HAITELEZI, ILA SHINA HALITAKI KUZUNGUKA

Hapa ndo mabomba ya kuongezea mpini yanatolewa. Subiri.

Valvu ya kompresa ina nati ya gland inayobana pakingi kuzunguka shina. Kama ilikazwa miaka na haijaguswa, pakingi imeng'ang'ania shina. Ilegeze hiyo nati robo mzunguko kwa spana yake, weka mafuta ya kulegeza kwenye shina, subiri, alafu jaribu na lile tundu KAVU la spana sio lenye racheti. Sababu ni kwamba kwenye kuanzisha ndo nguvu kubwa inahitajika, na meno ya racheti ndo sehemu dhaifu. Likishaanza kwenda hamia kwenye racheti uende kwa raha. Kaza kidogo, legeza kidogo, kaza, legeza, usilisukume upande mmoja tu. Ukimaliza kazi kaza gland tena, hapa wengi wanasahau na kesho yake mteja anapiga simu.

Sababu ya pili ni kwamba limeshafika mwisho na wewe unalisukuma upande ambao halina pa kwenda. Valvu ya kompresa ikifunguliwa yote kinyume cha saa inakaa kiti cha nyuma, njia ya gesi iko wazi na tundu la geji (kipima presha) limefungwa. Ndivyo inavyotakiwa kuachwa mashine ikiwa kazini, kwaiyo ukiikuta hivyo na ukajaribu kufungua zaidi haitaenda, sio kwamba imekwama. Jaribu upande wa saa kabla hujatukana.

Ya tatu ni kutu la pwani. Mashine za Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa zilizokaa karibu na bahari, kama vifuniko vya valvu vilipotea shina linakula chumvi mpaka linavimba kutu kwenye gland. Hapo usilazimishe kabisa, shina likikatika limekatika na gesi yote iko ndani. Mafuta, muda, brashi ya waya, mafuta tena. Moto usiweke, kuna pakingi na kuna presha.

NIMEZUNGUSHA ILA GEJI HAISOMI

Kwenye valvu ya kompresa jibu ni lile la kiti cha nyuma, tundu la geji limefungwa. Zungusha upande wa saa robo mpaka nusu mzunguko, geji itaamka. Usiende mpaka mwisho wa upande wa saa manake hapo unakuwa umefunga njia, na kama ni valvu ya upande wa presha kubwa na kompresa inafanya kazi, presha haina pa kutokea, unavunja valvu za ndani za kompresa au unapasua gasketi. Kuna watu wanauliza eti racheti imevunja kompresa. Racheti inazungusha haraka bila kuchoka, ndo hatari yake, kwa spana ya kawaida ungechoka ukafikiria. Hesabu mizunguko.

Kwenye spliti ni stori nyingine. Pale tundu la geji lina kipini chake cha kusukumwa na hozi na liko upande wa mabomba yanayoenda ndani, kwaiyo linasoma hata valvu ikiwa imefungwa, ila linasoma mabomba tu. Umefunga AC mpya, umevuta vakyumu (umetoa hewa yote kwenye mabomba), umefungua valvu, geji haijapanda hata kidogo? Shina halijazunguka, ni alenki iliyozunguka ndani ya kona zilizolika. Rudi juu kwenye pembe sita. Kama umezungusha kweli na umelisikia shina linapanda, angalia kipini cha hozi kama kinafika.

Na hapo hapo, AC inapoza kidogo na bomba jembamba linashika barafu pale nje, kabla hujaongeza gesi hakikisha valvu ya bomba hilo imefunguliwa mpaka mwisho. Gesi pungufu inaleta dalili hiyo hiyo, lakini kuangalia valvu ni bure na gesi ni hela.

GESI INAVUJA KWENYE SHINA BAADA YA KUFUNGUA

Povu la sabuni kwanza, usiende na kiberiti. R32 inashika moto, R290 ni propani, ambayo imo pia kwenye gesi ya jikoni, na hata R22 isiyowaka ikipita kwenye moto inatoa hewa ya sumu.

Povu likitokea kwenye gland ya kompresa, kaza nati ya gland kidogo kidogo huku unazungusha shina uone bado linaenda. Likiendelea, irudishe valvu kiti cha nyuma, mara nyingi kule inajifunga yenyewe, na pakingi ibadilishwe siku mashine imetolewa gesi. Kwenye spliti kinachozuia ni ka o-ringi kadogo kwenye shina na kile kifuniko cha juu. Kifuniko sio cha kuzuia vumbi tu jamani, ni sehemu ya kuzuia gesi, ukiona mashine haina vifuniko au vimewekwa kwa mkono bila kukazwa basi umeshajua gesi inapotelea.

Na usiache inavuja eti utaongeza kila baada ya miezi. R22 iko kwenye Mkataba wa Montreal wa 1987 na inaondolewa sokoni, na makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yamezigusa hizi R410A na R134a nazo zipunguzwe. Bei haitashuka.

SPANA IMEVUNJIKA KICHWA AU MPINI UMEPINDA

Hapa siulizi sana, imetumika kufungua nati za flea, zile zinazobana ncha ya bomba iliyotanuliwa. Nati za mabomba zina spana zake, na hata ile ndogo ya 1/4 inakazwa karibu Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 14 mpaka 18, ya 1/2 inafika kama Nm 50 mpaka 60, hizo ni nguvu za spana ya kupima au angalau spana mbili zenye mdomo sahihi. Ukikosa, hata spana malaya inafanya kazi ya nati kuliko kuitesa racheti. Pia isiwe nyundo. Isiwe ya kugongea mtungi uliokwama.

KUHUSU KUNUNUA NYINGINE

Ukiwa dukani usiangalie rangi ya kromu. Chomeka kidole kwenye gia uizungushe, sikia kama kila jino linalia sawa, alafu itikise, gia isicheze cheze ndani ya kichwa. Tazama matundu kwenye mwanga, kona ziwe kali na tundu liwe limenyooka. Nenda na alenki ya 5 mfukoni ujaribu upana wa kipande cha pembe sita kwa kulinganisha, kama muuzaji anasema inaingia zote mwambie akuonyeshe kwenye valvu. Meno mengi kwenye gia ni bora kuliko machache, manake kwenye mashine iliyobanwa ukutani mpini unasogea kidogo tu na gia ya meno machache haishiki jino linalofuata, unabaki unazungusha hewa. Kama mashine zako nyingi ziko kwenye kona za namna hiyo tafuta yenye kichwa kilichopinda kidogo, mkono hautagonga koili.